Mke Aliyerejewa Hewani

Mbwera,
4 Julai 2023

Bwana Tahiri,

Assalaam alaykum. Huku kwa Ami hatujambo sote, na mpunga umeshaingia ghalani. Salamu nimezimaliza, sasa tuongee.

Jana alikuja hapa mke wa Mudrick, huyu mwenye boti ya Nyamisati. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Hongera mwanangu, tumeona umerudi kwa mumeo." Nikamwuliza nimerudi lini, na miye nimekaa eda hapa kwa Ami Abdurahmani, nje yangu ni uani tu. Akacheka. "Si upo Boriti kila jioni baada ya magharibi? Umejitanda mtandio wako wa njano, unacheka, Kibiti nzima inakutazama!"

Tahiri, hebu nieleze, huenda mimi ndiye nisiyeelewa. Kipindi changu cha Kazi na Mikono ni cha runinga ya Fanusi. Boriti ni kituo chako cha runinga, kina mkataba wa kurusha vipindi vya Mnara, na Mnara na Fanusi hawali sahani moja. Ulipogundua kwamba safari zangu za kurekodi zilikuwa za Fanusi, na nimesaini nao bila kukuaga, ulisimama katikati ya studio mbele ya Ismaily, na mbele ya fundi wa jenereta aliyeingia kuomba maji ya kunywa, ukasema mwanamke anayewafanyia kazi wapinzani wako hawezi kuwa mkeo. Ukatamka talaka. Ni moja, lakini uliitamka. Nikafunga begi langu, nikapanda boti, nikaja kwetu. Leo wapinzani wale wale umewakaribisha mwenyewe kwenye sebule ya kila mtu, na aliyewatangulia kuingia ni mimi.

Vipindi vile tulivirekodi kabla ya ugomvi wetu. Mle ndani mimi bado ni mke wa mtu, nasema mume wangu hivi, mume wangu vile. Anayenitazama leo ataelewa nini? Unawajua watu wetu. Ukimweka mwanamke hadharani ndani ya nyumba yako, na nyumba yako ni Boriti, na yeye yumo kwenye eda yako, hakuna atakayekuja kuuliza. Watasema umemrejea.

Kama umenirejea, niambie. Ni neno moja, nawe unalijua. Ukilitamka mbele ya mashahidi kabla eda haijaisha, narudi nyumbani bila posa wala mahari mapya. Eda ikiisha, wewe na wanaume wengine wote mtakuwa sawa kwangu. Kama hujanirejea, niondoe hewani.

Na mwambie Ismaily, akitaka kuifunika nembo ya Fanusi kwa nembo ya Boriti, afunike kwa adabu. Nimeambiwa amefunika na nusu ya uso wa yule mama msuka mikeka.

Simu usipige. Mtandao huku mpaka uende gatini, na mimi gatini siendi.

Hajira binti Saidy


Kibiti,
9 Julai 2023

Kwa Hajira,

Waalaykum salaam. Barua imefika ikinuka kamba wakavu, nikajua Mudrick aliiweka palepale anapoweka kila kitu.

Jambo hili ni la kibiashara tu, usilibebe kwa uzito. Jioni Mnara wanatuletea ile tamthilia ya ng'ambo ya yule bibi mwenye jumba, ambaye amekufa na kufufuka mpaka watu wamechoka kumlilia. Watazamaji wakaanza kunikimbia. Wanakimbilia wapi? Fanusi, kukutazama wewe. Hapa mjini wenye king'amuzi cha Fanusi ni wachache, basi kwa kila aliye nacho ikifika jioni utakuta viatu vimejaa mlangoni utadhani kuna maulidi. Mimi naona kwa macho yangu, nifanyeje? Nikamwambia Ismaily inase Fanusi, irushe kwetu, tuone. Siku hiyohiyo watu wakarudi Boriti.

Ndiyo, najua mkataba unasemaje. Nimeuandika mimi na wao. Mnara wako Dar es Salaam, hawakai Kibiti kuangalia Kibiti inatazama nini.

Maneno ya watu yasikusumbue. Hawa ndio waliosema nguzo yetu ya kwanza ya antena ina jini, kwa sababu mkoko ule ulikatwa karibu na makaburi. Leo wanakaa mbele ya jini hilo wakila karanga.

Nembo imeshapunguzwa. Mama wa mikeka sasa anaonekana uso mzima, na mwenyewe ametuma salamu.

Umeandika kwamba kama sijakurejea nikuondoe hewani. Hukuandika wewe unataka nini. Nauliza kwa ajili ya kupanga ratiba.

Tahiri


Mbwera,
18 Julai 2023

Tahiri,

Kwa ajili ya kupanga ratiba! Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena, nikidhani kuna ukurasa umebaki kwa Mudrick.

Haya, nami nimejitazama. Ami ana runinga yake ya sola, na antena ameifunga juu ya boriti ndefu nyuma ya jiko. Jioni, upepo ukitulia, kituo chako kinafika huku, picha ina chengachenga lakini sauti safi. Nilikaa na shangazi zangu tukatazama. Ilikuwa ile ya Mloka, tulipolala juu ya dungu na wale wakulima wanaolinda mahindi yasiliwe na tembo. Nikajisikia nikisema, "Mume wangu anaogopa panya, sembuse tembo!" Ami alicheka mpaka akakohoa, shangazi wakampigapiga mgongoni.

Kesho yake ikaja ile ya Mloka tena. Mke wa Mudrick anasema vipindi vingine unavirusha mara moja moja, ile ya Mloka haipiti juma hujairudia. Kwa nini hiyo? Kuna ya mikeka, kuna ya wachonga mitumbwi, kuna ya wanawake wanaoanika mpunga, zote nzuri kuliko ile. Mtu mzima na akili zako unakaa kila juma unawaonyesha watu wa Kibiti kwamba unaogopa panya?

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie upesi. Kuna bwana hapa anaitwa Huseni, mnunuzi wa kaa, mtu mpole, mkewe alifariki mwaka juzi. Tangu nije amekuwa akipita kwa Ami na tenga la kaa. Hasemi kitu, na hawezi kusema. Kumposa mwanamke aliyemo kwenye eda ya talaka rejea ni haramu, hata kudokeza, naye ni mtu wa dini. Anakaa barazani, anaongea na Ami habari za maji kujaa na maji kupwa, anaondoka. Lakini kaa wanabaki, na Ami si mtoto.

Tangu uvumi wa Boriti ufike, Huseni haji. Juzi alikutana na Ami msikitini akamwomba radhi kwa kuwa ameingia nyumbani kwa mke wa mtu. Ami akarudi amekunja uso. "Hajira, umerejewa au hujarejewa?" Mtu mzima, nimekaa na mkono shavuni, sijui kama ni mke wa mtu.

Na usinitegee kalenda ya ukutani. Eda ya talaka ni twahara tatu, baina ya hedhi na hedhi, na anayezijua ni mwanamke peke yake. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango kukwambia imebaki kiasi gani, na mimi sitakwambia.

Sema neno, au zima mtambo.

Hajira


Kibiti,
27 Julai 2023

Hajira,

Kipindi cha Mloka picha zake ni safi, ndiyo sababu. Ismaily pia anasema hivyo. Mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri.

Hapa mambo yamekuwa makubwa kidogo. Jirani zetu wa nyuma wameleta jogoo na mchele wa kupeta kwa ajili ya kukukaribisha. Nikawaambia Hajira hajarudi. Mwenye jogoo akanitazama kwa huruma, akasema, "Jana tumemwona." Jogoo nimemfunga uani, anawika kutwa.

Kisha akaja Sheikh Nurdini. Akanywa kahawa kwanza, akaulizia afya ya mama, ndipo akasema, "Tahiri, barazani watu wanagombana. Wengine wanasema umemrejea mkeo kwa kitendo, wengine wanasema hapana. Wewe unasemaje?"

Nikamjibu, "Sheikh, mimi nimerusha kipindi tu."

"Nilijua. Basi sikia. Rejea ni kwa ulimi, mwanangu, si kwa antena. Siye huku tunamfuata Imamu Shafii. Ukitaka kumrejea, tamka, hata sasa hivi mimi nakusikiliza. Wala yeye si lazima awepo, wala si lazima akubali. Haki hiyo ni yako mpaka eda ikatike."

Nikamshukuru, nikamwongezea kahawa. Alikaa akinisubiri. Nami nikakaa. Mwisho akatafuta viatu vyake akaenda zake.

Kwa hiyo mwambie Ami, bado hujarejewa. Hilo ndilo jibu la haki.

Hao kaa wa Mbwera vipi msimu huu? Nasikia wengi ni maganda matupu, ndani hawana nyama.

Kazi inakwenda vizuri. Boriti haijawahi kuwa na watazamaji wengi hivi. Bado nangoja uniambie unataka nini.

Tahiri


Mchukwi,
6 Agosti 2023

Mkwe wangu Hajira,

Salamu nyingi. Ni miye Mwatumu, mama yake Tahiri. Anayeshika kalamu ni Ismaily, kijana wa mitambo, kwao ni hapa Mchukwi na leo amekuja kwao. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee. (Ninaandika vivyo hivyo, dada. Ismaily.)

Nakuita mkwe, na asiyependa ajitie pamba masikioni. Mwanangu alikutamkia talaka, miye sikukutamkia kitu.

Weye umeambiwa kazi inakwenda vizuri? Uongo mtupu. Watu wa Mnara walikuja na gari lao, wakang'oa kifaa chao, wakamwambia mkataba umekufa kwa sababu amerusha mali ya wapinzani. Ilikuwa kabla hata Sheikh hajaenda kwake. Hana taarifa ya habari, hana mpira, hana yule bibi wa ng'ambo. Amebaki na weye tu na matangazo ya misiba. Nikamwambia, "Si umtoe huyo mwanamke hewani, uwapigie magoti wakurudishie?" Akaniambia, "Mama, nikimtoa atakuwa ameondoka." Nikamwuliza, "Kwani sasa yuko wapi, chumbani?"

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake. Jioni ilipofika akawasha, akakaa kwenye kiti akijitazamia peke yake. Ikaja ile ya tembo. Ulipofika pale pa panya, akatabasamu kabla hujasema. Mwanangu yule, toka utoto, ukimnyang'anya kitu halii, anakaa kimya mpaka homa inampanda. Baba yake alikuwa hivyohivyo, Mungu amrehemu, nilipata taabu naye.

Nilimwuliza kwa nini hatamki hilo neno. Miye nimeshindwa naye. Mwandikie weye, mwanangu. Mwandikie hata mstari mmoja, mwambie nirejee. Mwanamke hapungukiwi kitu.

(Dada, na mimi naongezea langu: anakula mkate mkavu. Jogoo amemrudisha kwa mwenyewe. Ismaily.)

Mama yako,
Mwatumu


Mbwera,
13 Agosti 2023

Mama yangu Bi Mwatumu,

Shikamoo. Nimelia kwa barua yako, kisha nikacheka, kisha nikalia tena, mpaka shangazi wakadhani nimepata msiba.

Sikujua kabisa habari ya Mnara. Mwanao kaniandikia Boriti inastawi.

Nami nina la kukwambia, na nakuomba, mama, libaki kwako. Fanusi nao wameshajua. Walinitumia karatasi nisaini, kwamba mimi mtangazaji wao nalalamika kuwa Boriti imeiba kipindi changu na kukirusha bila idhini. Wanasema wakipata saini yangu watamfikisha mahakamani, na bila saini yangu kesi yao ni dhaifu. Wamepiga simu kwa Mudrick mara kadhaa kuniulizia. Sijasaini, wala sitasaini. Wananiambia nikikataa huenda msimu ujao wakatafuta mtangazaji mwingine. Wamtafute.

Mama, umesema nimwandikie nirejee. Usinione jeuri. Nampenda mwanao, nakwambia wewe uliyemzaa. Kila jioni nakaa mbele ya runinga ya Ami nikingoja kuona kama ataniweka, na akiniweka moyo wangu unatulia, kisha nakwenda kumwandikia barua ya kumkaripia. Lakini aliyefungua mlango na kunitoa ni yeye. Nikirudi kwa kujipigia hodi mwenyewe, siku tukigombana tena nitakumbushwa kwamba hakuna aliyeniita.

Nimepika wali wa nazi leo nikakukumbuka. Zile kunazi ulizonipa nilizimaliza zamani.

Mwanao,
Hajira


Kibiti,
22 Agosti 2023

Hajira,

Mama yangu hajui kusoma, hilo unalijua, na barua yako kasomewa na Ismaily. Uliomba libaki kwa mama. Kwa mama limebaki. Ismaily ndiye aliyeendesha pikipiki kutoka Mchukwi mpaka hapa, akaingia studio na kofia yake ya pikipiki kichwani, akasema, "Bosi, dada amekataa kusaini." Usimkasirikie. Nilikuwa natafuta pa kukaa, akanisogezea kiti.

Kwa hiyo leo nitaandika bila ratiba.

Umeniuliza kwa nini Mloka. Kwa sababu ndicho kipindi pekee unachonitaja kwa dakika nzima. Katika vingine unasema mume wangu mara moja, unapita. Pale Mloka unawaeleza wale wakulima mimi ni mtu wa namna gani, na unanicheka, na sauti yako inakuwa ile unayoongea nayo jikoni. Waniite mwoga wa panya Kibiti nzima na Ikwiriri juu yake, mimi nilikuwa nataka kusikia sauti hiyo.

Mama naye ameniuliza kwa nini sitamki. Siku ile Sheikh Nurdini aliponiambia si lazima ukubali, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalimeza. Nilikutoa nyumbani bila kukuuliza. Nikikurudisha bila kukuuliza, nitakuwa nimekuuliza lini? Sheria imenipa ruhusa, sikatai, lakini sikutaka uje umekaa kwenye boti ya Mudrick na begi lako magotini kwa sababu tu kuna mwanaume Kibiti ametamka neno. Nilikuweka hewani nikitumaini utaniandikia kitu kimoja tu, kwamba unataka kurudi. Ukaandika nizime mtambo. Nikasema basi, huyu hataki, ila acha nimtazame hivyohivyo mpaka watakapokuja kuning'oa.

Na nilikosea hapo pia. Uso ni wako na kazi ni yako, sikukuomba. Tangu jana nimekuondoa. Jana jioni Boriti ilionyesha mechi ya vijana wa Mchukwi aliyoirekodi Ismaily, na kamera inayumba kwa sababu alikuwa akishangilia. Mnara wamekwisha kuondoka, hilo nilikuficha, nisamehe. Tutaishi na tulicho nacho.

Nakupenda, Hajira. Nimekaa muda mrefu na mitambo nikasahau kwamba mtu hajui lililomo moyoni mwa mwenzake mpaka aambiwe. Ukinijibu ndiyo, hata kwa neno moja, siku barua itakapofika natamka. Sheikh na Ismaily wameshakubali kuwa mashahidi. Ukijibu hapana, sitamtamkia mtu kitu, na huyo bwana wa kaa namtakia heri, ingawa si kwa moyo mkunjufu.

Sijui eda imebaki kiasi gani. Nampa Mudrick barua hii mkononi, namwomba aondoke na maji ya leo.

Tahiri


Mbwera,
7 Septemba 2023

Tahiri,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Mudrick aliondoka na maji ya siku ile kama ulivyomwomba. Mashine ya boti ikamfia mkondoni, akakokotwa mpaka Nyamisati, akangoja kifaa kutoka Dar es Salaam. Barua yako imenifikia jana jioni, na safari hii hainuki kamba, inanuka petroli.

Eda yangu imekwisha, Tahiri. Imekwisha kabla barua haijafika. Nimeoga, nimeswali, nimemwambia Ami, na Ami amewaambia watu.

Sitakuficha nilichofikiri nilipomaliza kuisoma. Nilifikiri, kama nisingekuwa nimemwambia Ami, nani angejua? Ningeandika ndiyo, wewe ungetamka, mimi ningepanda boti, na wote wangefurahi, mama yako wa kwanza. Mwanamke huaminiwa kwa kauli yake katika jambo hili. Halafu nikajiona nimelala kwako, nikijua peke yangu kwamba mimi si mkeo. Nikamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeshasema.

Nililia, na kulia kwenyewe nilianza tangu ile jioni uliponiondoa hewani. Nilikaa nikatazama vijana wa Mchukwi wakikosa penalti, nikatazama mpaka mwisho, nikitegemea labda utaniweka baada ya mpira. Shangazi wakaenda kulala wakaniacha na runinga. Mimi niliyekuandikia uzime mtambo.

Wewe ulikuwa unangoja jibu langu, nami nilikuwa nangoja swali lako. Wala hukuniuliza, Tahiri. Uliuliza ninataka nini kwa ajili ya ratiba. Umeniuliza sawasawa katika barua hii ya mwisho, nayo ikakwama kwenye mkondo.

Lakini kuna jambo hujalijua, na sikumwambia hata mama. Siku ile uliponioa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Ami akaingia na mashahidi, akauliza, "Hajira, tumekuoza kwa Tahiri, umeridhia?" Nami nikanyamaza, kama nilivyofundishwa, wakatoka wakasema kimya cha mwali ni ridhaa. Nilikuwa radhi, usije ukaelewa vingine, moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha. Ila hakuna aliyenisikia. Kisha nikaachwa, napo hakuna aliyeniuliza. Na kama barua yako ingewahi, ningerudi kwa neno lako tena, la kwangu likiwa ni la hisani tu, kwa sababu wewe ni mtu mwema.

Sasa mimi si mwali. Mwanamke aliyewahi kuolewa kimya chake hakifai kitu. Lazima aulizwe, na lazima ajibu kwa kinywa chake, mashahidi wamsikie. Nimewasikiliza wasuka mikeka na walinda mahindi wa Pwani nzima, wakinieleza wanachokitaka, na kamera ikawaka. Mimi mwenyewe sijawahi kuulizwa mbele ya watu. Nataka niulizwe, Tahiri. Nataka niseme kwa sauti itakayofika mpaka uani.

Fanusi nimewajibu kwamba sisaini. Nimewauliza pia kwa nini wanapigana na kituo ambacho kingeweza kuwatangaza kwa mkataba, kwa kuwa Boriti haina mwenyewe tena huko Dar es Salaam. Hawajajibu. Wakikataa, kamera nitaipata kwingine.

Huseni amerudi, safari hii bila kaa, na ameongea na Ami kwa maneno kamili. Ni mtu wa heshima, sina la kumtoa kasoro. Ami hajampa jibu, anasema jibu ni langu. Watu wake wanakuja kuposa Alhamisi ijayo.

Jumatano, siku moja kabla yao, Ami yupo nyumbani kutwa, na hana mgeni.

Hajira